Jiko la Kwa Kengele

Hadija ameniambia mnataka kugawana masufuria. Alinipigia simu huku analia, na mimi simu za kulia sizipendi, nikamwambia akate, anywe maji, kisha anipigie tena. Alipopiga tena akaeleza vizuri. Mwenye kiwanja hapo Tandika ameuza, mnunuzi anataka kujenga ghorofa, na nyie mmepewa hadi mwisho wa mwezi muwe mmeondoka. Mmekaa kikao, mmekubaliana kila mtu achukue chombo chake aende zake. Mmoja wenu, nasikia, alisema, "Bila jiko sie ni nani? Tutapikia harusi za watu barabarani?"

Haya, nisikilizeni. Mimi nimestaafu, magoti hayataki tena kusimama mbele ya moto, na huku Mbagala nakaa kwa raha zangu nikipikiwa na wajukuu chakula kisicho na chumvi ya kutosha. Sina amri juu yenu. Lakini kabla hamjagawana hata mwiko, nataka mjue hilo jiko lenu lilitoka wapi, kwa sababu nimegundua hakuna hata mmoja wenu anayejua. Mnadhani lilianzia hapo chini ya yale mabati. Nimeandika haya kwa kalamu, Hadija atayapiga picha awatumie kwenye kundi lenu la simu. Msome yote, msiruke kurasa kama mnavyoruka kusugua vitako vya masufuria.

Upande wa Kurasini, pale ambapo leo makontena yamepangwa mpaka macho yanachoka, palikuwa na hoteli ya reli. Wakoloni waliijenga karibu na maji kwa ajili ya abiria wao. Mtu anashuka melini, analala pale akingoja treni ya bara; mwingine anatoka bara, analala pale akingoja meli. Ilikuwa na ghorofa mbili, veranda imeizunguka kote, paa la vigae vyekundu, na juu kabisa kijumba kidogo cha mbao chenye ncha, ambacho hakikuwa na kazi yoyote isipokuwa kufuga popo. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba mtu mzima aliweza kukaa dirishani na kunyoosha miguu. Ilikuwa na jina refu la Kizungu lililoandikwa mlangoni, lakini Temeke nzima hapakuwa na mtu aliyejisumbua kulitamka. Sisi tuliiita Kwa Kengele.

Kengele yenyewe ilikuwa ya shaba, imetundikwa kwenye ukumbi wa chakula. Treni ikikaribia kuondoka, stesheni ilipiga simu hotelini na kengele ikagongwa. Mlio wa kwanza ulimwambia abiria amalize kula. Wa pili ulimwambia ainuke, amalize asimalize. Ungewaona waheshimiwa wenye tai wanavyoondoka na mkate mdomoni, ungesahau shida zako zote.

Mimi nilifika pale kijana, natoka Masasi, sijui hata uma unashikwa kwa mkono upi. Uhuru ulikuwa umeshapatikana na wakubwa wa Kizungu walikuwa wameondoka, lakini sare zao walituachia: kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, na tarbushi. Kichwa changu mnakijua. Hapakuwa na tarbushi ya kunitosha, ikawa inakaa juu tu kama kifuniko cha birika, na nikiinama kumpa mtu sahani inadondoka mezani. Baada ya kudondoka kwenye mchuzi wa mkaguzi wa reli, waliamua kwamba nafaa zaidi jikoni. Ndivyo nilivyoanza upishi, sikuchagua.

Jikoni alikuwapo Mzee Mwinyimvua. Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, sauti ya chini, anamwita kila mtu "mwanangu", hata meneja. Alianza kwa kupasua kuni enzi za Wazungu na akapanda mpaka akawa mpishi mkuu. Sifa yake ilikuwa kupika kwa masikio. Alikuwa anatupa mgongo, anachambua mchele huku anapiga soga, halafu katikati ya maneno anasema, "Kasiani, lile la pembeni palia." Naenda kutazama, kweli, maji yamekauka na wali umeanza kupasuka taratibu kule chini, ndiyo wakati wa kuweka makaa juu ya mfuniko. Wali ukiwa na maji unapiga kelele. Maji yakipungua unakuwa kama unahema. Ukianza kupasuka, una nafasi ndogo sana kabla haujaungua. Nyie mnapika na muziki wa singeli umefunguliwa mpaka mwisho, halafu mnashangaa ukoko unatoka mweusi.

Sasa niwaambie habari ya supu. Pale Kwa Kengele kulikuwa na supu ya abiria na supu ya mgeni. Supu ilikuwa ileile, sufuria ileile. Tofauti ni kwamba ya abiria iliepuliwa mapema ikamiminwa kwenye mabeseni mapana ipoe, na ya mgeni ilibaki juu ya makaa. Mgeni aliyekuja kukaa siku kadhaa anataka supu imfukizie uso. Abiria anataka supu ya kunywa na kuondoka. Hakuna aliyenieleza hayo, na wiki yangu ya kwanza jikoni nikampakulia jamaa mmoja mnene, ameketi na begi katikati ya miguu, bakuli la moto kabisa. Nilidhani namheshimu. Kengele ikalia. Yule bwana akalibugia bakuli lote kwa mkupuo, akapiga ukelele ukumbi mzima ukageuka, kisha akakimbilia stesheni ulimi ukiwa nje.

Mzee Mwinyimvua alinivuta pembeni. Sikumbuki hata siku moja aligomba kwa sauti.

"Kasiani, yule bwana alikuwa na nini?"

"Alikuwa na njaa, Mzee."

"Hakuwa na njaa. Alikuwa na treni. Tazama miguu ya mtu, mwanangu, usitazame tumbo lake. Aliyebana begi kwa miguu mpe ya baridi."

Nimepika miaka mingi baada ya hapo na bado natazama miguu. Watu wa mkutano wa ofisi wanataka chakula kisicho na mifupa, maana wana nusu saa na mashati meupe. Watu wa msibani wanataka chakula kinachoweza kungoja, maana hujui maziko yatakwisha saa ngapi. Mwezi uliopita niliwaona mmepeleka mishikaki ya mifupa kwenye semina kule Mikocheni. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni wa mtu, lakini niliumia.

Basi miaka ikaenda. Ndege zikachukua wasafiri wenye nafasi, meli za abiria zikapungua, treni zikawa za kubahatisha. Paa likaanza kuvuja. Mvua za masika tulikuwa tunapanga ndoo kwenye veranda na wageni wanaziruka kwenda vyumbani. Meneja wakati huo alikuwa mtu wa bara, mwema sana na mwoga sana. Siku moja akatuita jikoni akasema wakubwa wamechoka na hoteli inayokula kuliko inavyolisha, na kama jiko halitapata wateja wa mjini, litafungwa. Mzee Mwinyimvua akamwambia, "Watu wa mjini wanaoa kila wiki, mwanangu. Waambie waje waolee hapa."

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Nasoro, mwenye duka la mchele na viungo pale Buguruni, ukoo wa Kiarabu uliokaa pale tangu Buguruni haijawa soko. Alikuwa anaozesha binti yake. Alikuja mwenyewe kwa meneja, akasema anataka chakula cha wageni wake, usiku wa Ijumaa. Meneja akafurahi, wakapeana mikono, wakanywa kahawa. Sote tulijua kwamba tukifanya vizuri Buguruni nzima itakuja, na tukiharibu, Buguruni nzima itasikia kabla ya adhuhuri ya kesho yake.

Sijui nyie vijana kama bado mnalielewa hili. Kwa watu wa pwani wa zamani, usiku unatangulia siku yake. Jua la Alhamisi likishazama, hapo umeshaingia usiku wa Ijumaa. Kwa meneja, na kwangu mimi niliyelelewa misheni kule Masasi, usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja baada ya Ijumaa kwisha. Kila mmoja alisikia maneno yaleyale na kila mmoja akaenda zake na siku yake. Mzee Mwinyimvua angeligundua mara moja, lakini alikuwa Kisarawe kwenye msiba wa dada yake. Alirudi Alhamisi alasiri, kapu begani, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mbona majiko baridi?"

"Harusi kesho, Mzee," nikamjibu. "Leo tunapumzika."

"Nani kasema kesho?"

Meneja alikuwa anapita, akasema yeye. Ijumaa.

"Mwenye harusi alisemaje? Nitajie maneno yake kama alivyoyasema."

"Alisema usiku wa Ijumaa."

Mzee alikaa juu ya gunia la viazi. "Usiku wa Ijumaa ni leo, mwanangu."

"Mzee, leo Alhamisi!"

"Mpaka jua lizame."

Rangi ya meneja ilibadilika, nasema kweli. Alianza kuzunguka jikoni anashika vitu na kuvirudisha. Nyama hatukuwa nayo, nyama ilikuwa ije kesho. Vitambaa vya meza vilikuwa kwenye beseni la kanji, vimelowa chepechepe, kwa sababu Bi Zuhura wa udobini alipanga kuvipiga pasi kesho asubuhi. Jua lilikuwa limeshaelekea upande wa Temeke. Mimi nilimtazama Mzee nikingoja aseme tubandike wali, tufanye hili, tufanye lile.

Akasema, "Kaangeni vitunguu. Vingi. Halafu fungueni madirisha yote ya upande wa veranda."

Nikadhani msiba umemchanganya. Lakini alikuwa anajua anachokifanya. Mtu aliyealikwa akifika asikute harufu ya chochote, baada ya muda mfupi anaanza kunong'ona na jirani yake. Akikuta harufu ya vitunguu vinageuka rangi kwenye mafuta, anatulia, anajua kuna watu wanahangaika kwa ajili yake. Anaweza kungoja muda mrefu sana akiwa na harufu hiyo puani. Tulikaanga vitunguu jioni ile mpaka mimi na wenzangu tukawa tunalia kama watoto walionyimwa.

Nyama ilipatikana stesheni. Hoteli na behewa la chakula la treni vilitumia ghala moja, na mle mlikuwa na mbuzi waliokwisha chinjwa kwa safari ya kesho yake. Meneja akasema hathubutu, atawaambia nini wakubwa. Mzee akamwambia, "Waambie abiria wa kesho watakula samaki. Samaki tunao, bahari ile pale." Na yule mwoga, Mungu amweke pema, alikwenda ghalani mwenyewe akabeba mbuzi begani akiwa ndani ya suti yake.

Bi Zuhura naye alivipiga pasi vitambaa vikiwa vimelowa vilevile, pasi za mkaa zinapishana, mvuke umejaa udobini humuoni mtu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kauli kali, hataki kusaidiwa. Vikatoka vimesimama wima, unaweza kuviegemeza ukutani. Meza zetu zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini chini ya vitambaa vile nani angejua.

Wageni walikuja baada ya swala ya Isha. Tukawatolea kahawa na tende, tena kwa utaratibu, meza hii kisha ile, hakuna haraka. Kati hapo Bwana Nasoro akachungulia jikoni, ananukia udi, ndevu zimechanwa.

"Mzee Mwinyimvua, huku salama?"

"Salama kabisa, Bwana Nasoro. Tumechelewa kuepua makusudi, chakula kisije kikapoa."

"Hewaa! Ndiyo maana nikaja kwako."

Nililazimika kujificha nyuma ya mlango wa stoo nikajiziba mdomo kwa aproni. Chakula kilitoka, watu wakala, na wanawake wa Buguruni wakatuma mtu kuuliza zile nyama zimelazwa kwenye viungo tangu lini. Mzee akajibu kwamba hiyo ni siri ya jiko. Baada ya harusi ile walikuja wengine, kutoka Buguruni, kutoka Mwananyamala, kutoka Keko, na jiko la Kwa Kengele likaishi miaka mingi kuliko walivyotaka wakubwa. Sasa mnajua kwa nini nilikuwa nawasumbua na lile swali langu kila mkipokea kazi: jioni ya kuamkia siku ipi? Mlikuwa mnalicheka, nawajua, mnaniiga nikigeuka.

Msidhani nawasimulia zamani kwa kuwa nachukia ya sasa. Gesi ilipoletwa, Mzee Mwinyimvua aliikataa, akasema moto usio na sauti ni moto wa mnafiki. Wiki ya pili kikohozi chake cha moshi kilipungua. Wiki ya tatu nilimkuta anamfundisha mtu namna ya kuteremsha mwako wa gesi mpaka wali uive kama umepaliwa. Mitungi yenu, majokofu yenu, hayo matrei yenu ya kufunika kwa karatasi inayong'aa, yote mazuri. Ninachotaka ni msije mkadhani hayo ndiyo upishi.

Mwisho hoteli ilifungwa. Reli ilikuwa hoi, kiwanja kikauzwa kwa watu wa makontena, tukaagwa kwa soda na hotuba. Nikarudi Mbagala nikakaa. Kuna kiwanda kule Mikocheni waliniita nikapike kantini yao, sikwenda. Miaka yote mtu akiniuliza wewe nani, nilikuwa nasema, "Mimi Kasiani wa Kwa Kengele." Sasa Kwa Kengele haipo, mimi Kasiani wa wapi? Niliogopa kwamba ustadi wote niliodhani ninao ulikuwa wa zile kuta, zile sufuria, na sauti ya Mzee nyuma yangu, na kwamba nikienda kusimama mbele ya moto wa watu wengine wataona sijui kitu. Hofu hiyo niliamka nayo na kulala nayo. Ndiyo hiyohiyo mliyonayo nyie sasa hivi, ndiyo maana ninaitambua. Mama Restuta wangu, bibi yenu, alinivumilia mpaka akachoka.

"Kwani uliolewa na ile hoteli?" akaniuliza siku moja mbele ya majirani. "Talaka si umeshapewa? Eda inaisha lini?"

Majirani walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka.

Kisha Bi Zuhura akaja nyumbani kuniambia kwamba wameanza kuibomoa, na kwamba Mzee Mwinyimvua, ambaye wakati huo alikuwa anatembelea fimbo, anataka kwenda kuona. Nikasema siendi. Bi Zuhura akasema hakuja kuniomba, amekuja kunichukua. Tukaenda watatu.

Tulisimama ng'ambo ya barabara. Katapila ilikuwa imeshaumega upande mmoja. Kile kijumba cha juu kilianguka tukiwa pale pale, popo wakatoka mchana kweupe hawajui pa kwenda. Halafu ukuta wa nyuma ukashuka na jiko letu likaonekana lote kutoka barabarani: masizi ya miaka yote, ndoano za kutundikia miiko, pembe niliyokuwa naweka viatu vyangu. Niliona aibu, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Nikalia. Watu walipita wakanitazama, nikaendelea kulia.

Mzee hakulia. Alikuwa anawatazama wabomoaji. Ilikuwa adhuhuri, mashine imezimwa, vijana wamekaa kwenye vifusi vumbi limewajaa mpaka kope. Wawili watatu walikuwa wanatafuna mihogo mikavu. Wengine walikunywa maji tu wakajilaza.

"Hawa hawali?" Mzee akauliza.

"Labda wamekula nyumbani," nikasema.

"Kazi nzito namna ile, watu hawajala, tena hapa?" Aliinyoosha fimbo kuelekea jikoni. "Hapa, Kasiani?"

Nikakasirika. "Mzee, hao ndio wanaotubomolea!"

"Waliotubomolea wako ofisini kwao na wameshakula. Hawa wamekuja kutafuta riziki, kama wewe ulivyotoka Masasi. Nenda kamwite mkubwa wao."

Mkubwa wao alikuwa foromani mmoja kijana, Deo, amevaa helmeti ya njano, akaja mbio akidhani tumeumizwa na kifusi.

"Shikamooni wazee. Samahani, hapo si salama, sogeeni kule kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Zile sufuria kubwa mlizozitupa pale uani zinakwenda wapi?"

"Zile? Skrepa tu, Mzee. Kuukuu zile."

"Tupe sisi."

Deo akatutazama mmoja mmoja. "Chukueni tu, mimi sina ishu. Ila msiingie ndani, vijana watawatolea."

Kesho yake asubuhi tulirudi. Mama Restuta alinifungia mchele kwenye khanga bila kuniuliza chochote, na Bi Zuhura akapitia sokoni kuchukua samaki na nazi. Tukapanga mafiga matatu ya mawe ng'ambo ya barabara, mawe yenyewe ya ukuta wa hoteli, tukawasha moto. Sufuria zilikuwa na mabonde kila upande. Nikasimama mbele ya sufuria mikono inaning'inia, sijui nianze na nini, mimi niliyekuwa nimepikia mawaziri. Mzee aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kanipa mgongo.

"Osha mchele," akasema.

Nikaosha mchele. Nikabandika, nikakuna nazi, nikawa nasikiliza. Magari yalikuwa yanapita, katapila inanguruma, mtu anauza barafu kwa kelele, na katikati ya yote hayo nikasikia wali unapasuka kule chini ya sufuria. Nikageuka kumtazama Mzee kama amesikia. Alikuwa amesinzia. Nikaupalia mwenyewe. Nilifurahi jamani, siwezi kuwaficha, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu, na Bi Zuhura akaniuliza kama moshi umenipanda kichwani.

Yeye alikuwa amewaambia vijana wamtolee mlango mmoja wa chumba, ule mzito wa mvule, akaulaza juu ya matofali ikawa meza. Akatandika kitambaa cheupe cha hoteli, kimekaa kanji sawasawa. Wabomoaji walipoitwa walikuja wakasimama mbali, wanajifuta mikono kwenye suruali ambazo ni chafu kuliko mikono.

"Mama, tutakichafua," mmoja akasema.

"Kwani mie nafua visafi?" Bi Zuhura akamjibu. "Nawa, kaa, kula."

Wakanawa, wakakaa. Dereva wa katapila alizima mashine akashuka, akavua kofia yake kabla ya kuketi. Walikula wali wa nazi na mchuzi wa nguru, kimya kabisa, na nyuma yao hoteli ilikuwa imebaki nusu. Hapo ndipo jiko lenu lilipoanzia, nyie watu wa Tandika. Lilianza halina paa wala mlango wala jina, na wateja wake wa kwanza ndio walioibomoa nyumba yetu.

Deo alimaliza wa mwisho. Akafuta sahani kwa kidole, akaramba kidole, akaitazama hoteli, akasema kazi bado ni ya mwezi mzima.

"Mzee, samahani," akamwambia Mzee Mwinyimvua. "Kesho mnapika nini?"

Mzee alikuwa ameshaamka, ameegemea fimbo yake. Alinigeukia mimi.

"Unaulizwa, mpishi mkuu."

"Pilau," nikasema.